Tafadhali Tuma Picha ya Friji

Ujumbe uliingia Jumatatu asubuhi, Hilaria akiwa anakoroga uji, na ulikuwa na adabu zote za mjini. "Mpendwa mzazi wa Mtoto 0417, tafadhali tuma picha ya friji unamohifadhi insulini. Mwisho ni saa kumi jioni. Mzazi Kiganjani, tuko nawe kila hatua."

Hilaria aliusoma mara mbili, kisha akaangaza macho jikoni kwake, labda friji ilikuwa imeingia yenyewe bila kubisha hodi. Haikuwemo. Mlikuwa na mafiga, debe la unga, kuku mmoja asiyetakiwa kuwemo, na mumewe Cleophas aliyekuwa akisubiri uji. Nyumba yao ya Mollo ilikuwa na umeme, si haba: taa tatu na soketi moja ya kuchajia simu. Soketi hiyo ndiyo iliyobeba matumaini yote ya mradi.

Mradi wenyewe ulifika Sumbawanga mwezi wa tano. Ulileta simu arobaini kwa wazazi arobaini wenye watoto wa kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho mwili wa mtoto umegoma kabisa kutengeneza insulini, na hapana dawa isipokuwa sindano, kila siku, maisha yote. Simu zilikuwa za bure. Bando la kuziendesha halikuwa la bure, na stripu za kupimia sukari, ambazo wazazi walikuwa wakizililia miaka nenda miaka rudi, mradi ulisema hazimo katika bajeti ya awamu hii. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, na wenyeji wa Ufipa walipona kwa fulana za rangi ya chungwa zenye picha ya simu mgongoni.

Mratibu aliitwa Kelvin. Alikuwa kijana mwenye heshima zake, ametoka Dar es Salaam na makoti mawili, na shangazi zake wote walikuwa wameshamwonya juu ya uchawi wa Sumbawanga, kwa hiyo hakula chochote kisichotoka kwenye pakiti. Aliwaeleza wazazi kwamba kila siku wataandika namba za sukari ndani ya simu. Namba ikiwa nzuri, simu itatoa nyota ya kijani. Ikiwa mbaya, tone jekundu. Mwenye nyota nyingi atakuwa Mzazi Bora wa Mwezi na picha yake itatumwa kwa wafadhili. Wazazi walipiga makofi. Mtu mmoja tu aliuliza swali, mkulima wa Mwazye aitwaye Zenon, mwenye mtoto anayeitwa Flavian. Alitaka kujua kama ndani ya kundi la wazazi lililomo kwenye simu mtu anaruhusiwa kusalimia. Kelvin alisema kundi ni la taarifa muhimu tu.

Zenon alikubali kwa kichwa, na kuanzia kesho yake, kila siku saa kumi na mbili asubuhi, akawa anaandika kitu kilekile: "Wazazi wenzangu, watoto wameamkaje?" Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana hajui kanuni.

Hilaria hakuwa na friji, lakini hakuwa mzembe. Miaka mitatu nyuma, Bertilla alipogunduliwa ugonjwa akiwa na miaka saba, Nesi Rozina wa kliniki ya watoto alimfundisha kutunza insulini ndani ya vyungu viwili. Chungu kikubwa cha udongo, ndani yake kidogo, katikati mchanga unaolowanishwa asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi. Vyungu hivyo vilikaa kwa mama mkwe wake, bibi Silvana, katika nyumba ndogo ya nyuma ambako jua halikanyagi. Kile kikubwa zamani kilikuwa cha kuchachushia pombe ya ulezi. Silvana alikitoa bila kuombwa, na wanywaji wake wakahamia kwa mwanamke mwingine. Kwa miaka mitatu hakuna chupa iliyoharibika. Na huu sasa ulikuwa mwezi wa saba, ambao huku juu Ufipa ukiiacha insulini mezani nayo itaomba sweta.

Kwa hiyo saa tatu Hilaria alikwenda kwa mkwewe, akafunua kitambaa, akapiga picha ya chungu, akaituma.

Aliyejibu wa kwanza alikuwa Lydia. Lydia alikuwa keshia wa benki moja mjini, anakaa Izia katika nyumba ya vigae, na alikuwa Mzazi Bora wa mwezi wa tano na wa sita. Friji yake alishaituma tangu alfajiri, yenye milango miwili, ndani mna maziwa ya boksi na zabibu. Hakuandika neno. Alituma vikatuni vitatu vinavyocheka mpaka machozi. Wazazi wengine wawili wakaongeza vya kwao. Kisha akaja Kelvin: "Mama wa 0417, tunashukuru kwa ushirikiano wako. Hata hivyo mradi wetu ni wa kidijitali. Tuepuke njia za kienyeji ambazo zinaweza kuhatarisha mtoto. Nakuongezea muda mpaka kesho." Chini yake simu ikadondosha tone jekundu.

Hilaria alisikia uso ukimwaka moto. Alikaa juu ya kigoda cha mkwewe akilitazama lile tone, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu alikitazama chungu kile akakionea aibu.

Silvana aliuliza simu imesema nini. Akaelezwa. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama hiyo simu inamjua Bertilla.

"Inamjua kama 0417," alisema Hilaria.

"Basi haimjui," alisema Silvana, akaendelea kuchambua ulezi wake.

Cleophas yeye alikuwa na maoni tofauti, na aliyatoa wakati wa chakula cha mchana. Watu wametoka mbali, wamewapa simu nzima mpya, wanaomba picha moja tu, na mke wake anawatumia chungu cha pombe. Kesho watasema Wafipa ni washamba. Alikuwa fundi uashi, na kule kwenye saiti alishawaonyesha mafundi wenzake ile simu na zile nyota, kwa hiyo jambo lilikuwa limegusa heshima yake pia. Alisema atazungumza na Meshack.

*

Meshack alikuwa na duka barabarani, na ndani ya duka alikuwa na friji pekee ya mtaa ule. Kuwa na friji ya kuuzia soda baridi Sumbawanga mwezi wa saba ni jambo la imani, lakini Meshack alikuwa mtu wa imani. Chini aliweka soda. Juu, kwenye barafu, aliweka migebuka, samaki waliotoka ziwani Kasanga. Alikubali kuhifadhi insulini bila malipo yoyote, akaisafishia nafasi kati ya Fanta na maji ya kunywa, na akasimama kando, akiwa amejipinda ili asitokee kwenye picha. Hilaria alipiga picha akaituma. Nyota ya kijani. Kelvin akaandika: "Safi sana 0417! Huu ndio uzazi wa kisasa."

Wapo ambao wangepiga picha, wakachukua chupa zao na kurudi nazo kwenye chungu. Watu hao, kama tutakavyoona, walikuwa wengi na walikuwa na akili. Lakini Hilaria alikuwa mwanamke mkweli, na ukweli una gharama zake. Alisema haiwezekani kuwadanganya watu waliokuja kumsaidia mwanawe. Akaziacha chupa zote mbili za mwezi huo pale pale kwa Meshack.

Kuanzia hapo Bertilla alichomewa sindano dukani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya shule, na saa kumi na mbili na nusu jioni. Alikaa juu ya gunia la chumvi nyuma ya kaunta, akipandisha sketi ya sare kidogo huku mama yake akimkinga kwa kanga. Wateja walichungulia. Mmoja aliuliza kama hiyo ni chanjo mpya na kama nao watapata. Bertilla hakulia, lakini siku ya pili alimwuliza mama yake kwa sauti ndogo kwa nini wasirudi kwa bibi, ambako alikuwa akichomwa huku bibi anamshika mkono. Hilaria alimwambia ni kwa faida yake.

Alhamisi jioni, baada ya Hilaria kuondoka, Meshack alipokea kreti nne za soda za sherehe ya kipaimara. Nafasi ikawa finyu. Kwa wema wake, kwa sababu hakuna aliyetaka kumdhuru mtoto yule, alizichukua zile chupa mbili akazipandisha juu kwenye barafu, akazilaza vizuri kati ya migebuka.

Ijumaa asubuhi Hilaria alizikuta zimekuwa mawe.

Meshack alimtuliza. Alisema kama baridi ndiyo inayoitunza hiyo dawa, basi barafu inaitunza maradufu, mbona samaki anamaliza mwezi. Akazichukua chupa, akazifikicha kwenye viganja vyake mpaka zikayeyuka. Hoja ilikuwa na mantiki yake, lakini Hilaria moyo haukumtulia, akafungua simu kuuliza. Mzazi Kiganjani haikuwa na mahali pa kuuliza. Ilikuwa na mahali pa kujibu. "Je, insulini yako iko ndani ya friji?" Akabonyeza ndiyo. Nyota njema huonekana asubuhi, na hii ilionekana saa kumi na mbili na dakika arobaini, ya kijani kabisa. Hilaria akavuta dawa kwenye sindano akamchoma mtoto.

*

Sukari ya mtoto kama Bertilla inatakiwa icheze kati ya nne na kumi. Ijumaa jioni ilikuwa kumi na saba. Jumamosi asubuhi ikawa ishirini na moja. Bertilla alikunywa maji ndoo nusu, akatoka nje, akarudi akanywa tena. Mama yake alimchoma dozi kamili kwa saa kamili, na mchana mashine ya kupimia ikasema ishirini na nne.

Hilaria aliandika namba zote kama alivyofundishwa, na simu haikumwacha mpweke. "Sukari ya 0417 iko juu. Je, umejaribu kupunguza wanga? Mpe mtoto brokoli." Mollo nzima hapakuwa na mtu aliyewahi kuonana na brokoli. Alimpa majani ya maboga bila ugali. Simu ikamwambia mtoto afanye mazoezi mepesi. Bertilla, ambaye miguu ilikuwa ikimtetemeka, aliambiwa azunguke nyumba, akazunguka mara moja akaketi chini kwenye mahindi yaliyoanikwa. "Kumbuka kuepuka jua kali," simu iliongeza, maana ilikuwa ikifuata hali ya hewa ya Dar es Salaam.

Cleophas alirudi saa nane, akaona matone mekundu manne yamejipanga. Aliuliza mtoto amekula nini. Hilaria akasema hajala kitu. Akauliza mara ya pili. Kisha akasema kama mama hajampa, basi yupo aliyempa, na akageuka akaenda nyumba ya nyuma.

Silvana alikuwa mlangoni. Mwanawe hakumsalimia. Alipita, akafungua sanduku lake, akashusha nguo, akakung'uta blanketi, akapekua kapu la ulezi mpaka chini, fundi mzima wa miaka arobaini akitafuta sukari kwa mama yake kama askari anayetafuta gongo. Chini ya mto akakuta kanga imefungwa fundo. Akalifungua. Zilikuwamo pipi tatu.

"Ni nini hizi, mama?"

"Za siku sukari ikishuka," alisema Silvana. "Nesi ndiye aliyenipa. Zimo tatu tangu Pasaka, mwulize mwenyewe mtoto."

Cleophas alizitia mfukoni. Alisema ni kwa usalama wa mtoto, kwamba siku hizi kuna mpango, na kwamba mama asimkaribie Bertilla mpaka namba zikae sawa. Aliyasema hayo akiwa ameangalia sakafu. Silvana alianza kuokota nguo zake moja moja, akizikunja upya, na Hilaria aliyekuwa amesimama uani alisikia aibu kubwa kuliko ile ya Jumatatu, lakini hakumtetea, kwa sababu naye alikuwa amefika mahali pa kuwashuku wote. Na chungu kilikuwa palepale pembeni, mchanga wake umelowa. Silvana alikuwa bado anaumwagia maji asubuhi na jioni, ingawa ndani hamkuwa na kitu.

*

Jumapili Bertilla alitapika kanisani, wakati wa mahubiri. Hilaria alimtoa nje akamlaza kwenye nyasi kando ya ukuta. Mtoto alikuwa akihema kwa nguvu kama aliyepandisha mlima, na pumzi yake ilinuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mashine haikutoa namba tena. Iliandika tu neno la kusema sukari imepita uwezo wake wa kupima.

Hilaria alibonyeza kitufe chekundu cha Msaada wa Haraka. Kilijibu haraka, hilo lazima tuliseme kwa haki. "Asante kwa kuwasiliana nasi. Saa zetu za kazi ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu hadi saa kumi. Tafadhali pima huduma hii kwa kuchagua nyota." Akaandika kwenye kundi: mtoto anatapika, anahema, sukari haisomeki, nifanye nini. Vikaja viganja vya kuombea, kimoja, viwili, vinane. Lydia aliandika, "Pole mpendwa, Mungu ni mwema." Mama mmoja wa kule Laela akatuma picha ya ua.

Ndipo simu ikaita. Katika miezi mitatu kifaa kile hakikuwa kimewahi kuita, na Hilaria alihangaika kidogo kujua pa kubonyeza.

Alikuwa Zenon wa Mwazye. Kwa kawaida mtu wa makamo yake angeanza na habari za nyumbani na za mashamba, lakini leo hakuuliza hata moja. Aliuliza insulini ilikuwa inawekwa wapi.

"Kwenye friji," alisema Hilaria, na hata katika hali ile akasikia fahari kidogo.

"Friji ya nani?"

Hilaria akasema yote: duka, Meshack, migebuka, barafu. Chupa ilikuwa ndani ya mkoba wake, maana asubuhi ile alikuwa ameichukua ili amchome mtoto kabla ya misa.

"Itoe. Iviringishe viganjani taratibu. Inakuwa nyeupe sawasawa?"

Aliiviringisha. Ndani mlielea vipande vipande, vingine vimeng'ang'ania kwenye kioo. "Iko kama maziwa yaliyokatika," alisema.

"Hiyo imekufa, dada yangu. Ikiganda imekufa, hata ukiiyeyusha. Tangu Ijumaa unamchoma maji. Mwambie baba yake aache kusali, mchukue mtoto sasa hivi, usipitie nyumbani. Hospitali uwaambie hivi hivi: insulini iliganda."

"Baba Flavian," alisema Hilaria, "wewe unaiwekaje ya Flavian? Nimeiona friji yako kwenye kundi."

"Ile ni ya parokia. Ungeangalia vizuri ungeona divai ya misa. Ya Flavian iko kwenye chungu. Nenda."

Bajaji iliyowapeleka mjini haikuwahi kukimbia vile. Cleophas alikuwa amempakata Bertilla, akimpigapiga shavu asilale, na mfukoni mwake zile pipi tatu zilikuwa zikigongana kila bajaji iliporuka shimo. Alizisikia njia nzima.

*

Nesi Rozina alikuwa zamu. Aliposikia maneno "insulini iliganda" hakupoteza muda wa kugomba. Dripu iliwekwa, insulini nzima ikaanza kuingia, damu ikapimwa kila saa. Kazi ya kugomba aliiahirisha mpaka Jumatatu mchana, sukari iliposhuka hadi kumi na moja na Bertilla akauliza kama leo ugali unaruhusiwa. Ndipo alipomwita Hilaria nje ya wodi.

"Nilikufundisha chungu mwenyewe. Nani alikwambia ukiache?"

Hilaria alifungua ujumbe wa kundi. Alimpa simu. Nesi alisoma ujumbe wa Kelvin, akasoma uzazi wa kisasa, akasoma brokoli. Alisoma kwa muda mrefu. Kisha akamrudishia, akasema wao pale wodini wana thamometa ndani ya friji ya dawa na bado kila zamu mtu anakwenda kuitazama, akaondoka kwenda kumfungia Bertilla dripu.

Jioni ile Cleophas alirudi Mollo peke yake kuchukua nguo. Alimkuta mama yake mlangoni, akamwamkia shikamoo mara mbili, maana ya kwanza haikutoka vizuri. Alimwambia mtoto amekula. Akatoa zile pipi tatu, karatasi zimeshaanza kuchakaa, akazirudisha ndani ya kanga yeye mwenyewe na kulifunga fundo. Mafundi hawajui kufunga fundo la kanga. Silvana alilifungua akalifunga tena, akasema ngoja nikupe uji umpelekee mkeo.

Walikaa hospitali siku sita. Siku zote hizo Hilaria hakuandika namba yoyote kwenye simu. Jumamosi, wakiwa wanafunga mizigo, Mzazi Kiganjani iliimba wimbo mfupi wa ushindi. "Hongera mzazi wa 0417! Wiki hii hatujapokea sukari ya juu hata mara moja. Umepata nyota saba!"

Hilaria alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akageuka. Kisha akalia, na hakujificha. Mwanawe alikuwa amebakiza kidogo tu afe, na hiyo ndiyo ilikuwa wiki yao bora.

Alipofika nyumbani, kabla hata ya kufungua mizigo, aliweka chupa mpya ndani ya chungu na kukipiga picha. Akaituma kwenye kundi, na chini yake akaandika: "Naitwa Hilaria. Mwanangu anaitwa Bertilla. Nilisema uongo kuhusu friji, ni ya duka. Insulini iliganda na mtoto nusura afe. Mwenye friji asiiweke karibu na barafu. Asiye na friji asione haya."

Baada ya robo saa Zenon akatuma chungu chake. Akafuata mama wa Laela, chungu. Baba mmoja wa Matai, chungu kimefunikwa kwa gunia. Ilipofika jioni kundi lilikuwa na vyungu thelathini na kimoja, na ikafahamika kwamba friji zilizokuwa zimetumwa zilikuwa za parokia, za gesti, za bwana afya, na nne kati yake zilikuwa friji moja iliyopigwa kutoka pembe tofauti.

*

Kelvin alikuja na wageni wiki iliyofuata. Alikuwa amekonda kidogo. Aliomba radhi kwa Hilaria kwa kumaanisha, akiwa amesimama uani na makoti yake mawili, na hata akanywa uji wa ulezi aliopewa na Silvana bila kuutazama sana. Kama mambo yangeishia hapo, hadithi hii ingekuwa ya mafunzo. Lakini wageni walipenda chungu. Walikipiga picha kwa juu na kwa chini, wakapima upana wake, wakamwuliza Silvana alikibuni vipi. Silvana alisema alikuwa akipikia pombe. Wakaandika.

Siku tisa baadaye simu zote arobaini zililia kwa pamoja. "Mpendwa mzazi, mradi wako sasa unatumia Teknolojia ya Ubaridi Asilia. Tafadhali tuma picha ya chungu unamohifadhi insulini. Mwisho ni Jumamosi saa kumi jioni."

Jumamosi hiyo, saa tisa na nusu, gari dogo jeupe lilisimama mbele ya nyumba ya Cleophas. Akashuka Lydia wa Izia, na viatu ambavyo havikuwa vya Mollo. Alisalimia kila mtu, hata kuku. Alisema ana shida ndogo tu, ya dakika mbili. Aliomba aazimwe chungu, apige picha.

Hilaria alikuwa na jibu la Lydia. Alikuwa amelitunza tangu siku ya vile vikatuni vitatu, akilinoa kila alipofua na kila alipotwanga, na sasa lilikuwa kali la kukata mfupa. Alifungua mdomo alitoe.

"Friji yako imeharibika?" aliuliza, kwa kuanzia.

"Hapana, inafanya kazi."

"Sasa insulini ya mtoto iko wapi?"

Lydia alitazama viatu vyake. Alisema walipotangaza ile habari ya chungu alinunua cha kupandia maua, akakitia mchanga, akazihamishia chupa za insulini humo tangu Jumatano. Simu ikakikataa kwa sababu kina rangi. Kiko sebuleni, juu ya kabati la televisheni.

"Mchanga umeulowanisha?"

"Kumbe unalowanishwa?"

Jibu lililonolewa mwezi mzima lilimtoka Hilaria kichwani lote, asijue lilikokwenda. Mbele yake aliona nyasi za kanisani na mtoto anayehema.

"Mtoto wako anaitwa nani?"

"Stanley."

"Ana miaka mingapi?"

"Sita."

"Mama Stanley, sikiliza. Rudi nyumbani sasa hivi. Mpime mtoto. Iviringishe hiyo chupa, ukiona vipande itupe, uende kliniki. Ukiona iko sawa irudishe kwenye friji, huku chini, mbali na barafu. Kisha uje hapa upige picha ya chungu mpaka simu ijae."

Lydia alitazama saa yake. Kwenda Izia na kurudi, na kupima, haingewezekana kabla ya saa kumi, na hajawahi kukosa nyota hata siku moja. Chungu kilikuwa hatua sita kutoka aliposimama, na mlango wa Silvana ulikuwa wazi. Ndani Bertilla alikuwa ameketi kwenye kigoda akijiandaa kwa kipimo cha jioni, bibi yake akichuja maji ya kumwagia mchanga. Lydia alimtazama yule mtoto, alama ya dripu bado iko mkononi mwake. Akarudi kwenye gari bila kuaga.

Saa kumi kamili kundi lilipokea taarifa. "Wazazi wote wametuma picha isipokuwa 0402. Tone jekundu." Ilikuwa mara ya kwanza namba hiyo kutajwa kwa ubaya, na watu hawakujua waweke kikatuni gani.

Saa kumi na mbili jioni Zenon, ambaye huandika asubuhi tu, aliandika: "Mama wa 0402, mtoto ameshindaje?"

Jibu lilichelewa kidogo. Hilaria alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo Baba Flavian," liliandikwa. "Anaitwa Stanley. Sukari ilikuwa kumi na nane, sasa inashuka. Insulini iko kwenye friji."